Filimbi Ndani ya Wingu la Menengai

Jumatano, 2 Aprili 2008

Daktari amesema moyo wangu ni kama pampu kuukuu: unavuta, lakini maji hayafiki. Amenikataza kupanda mlima. Sijawahi kuweka shajara. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote, na kitu pekee nilichoandika kila siku ni hali ya hewa, juu ya ubao, kona ya kulia. Nianze hivyo basi. Mawingu mazito kutoka upande wa ziwa. Mvua alasiri. Masika yameingia.

Mvua inapiga mabati mapya ya kibanda cha mbwa kwa kelele kuliko inavyopiga paa la nyumba. Mwanangu Kiptum aliyaleta mwezi wa pili, akayapigilia kwa mkono wake mwenyewe siku aliyopumzika kuendesha lori. Akoth, anayenipikia, hajayazoea.

"Mbwa analala kwa bati mpya, mzee analala kwa kutu," anasema. "Hii boma imepinduka."

Mbwa wangu anaitwa Sirkal, yaani Serikali. Nilimpa jina hilo kwa sababu anakula sana na habweki.

Jumapili, 6 Aprili

Tejinder, rafiki yangu Kalasinga, alipita baada ya ibada yao, na mbwa wake Moti nyuma ya pikapu. Mimi humwita Singh, yeye huniita Mwalimu, na tumepanda mlima wa Menengai pamoja tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Anauza vifaa vya ujenzi. Mwezi wa kwanza, mji ulipowaka baada ya uchaguzi, stoo yake ya karibu na mtaa wa Kaptembwo ilivunjwa na kuchomwa. Mlinzi wake, Micah, alikufa ndani. Singh haongei juu ya jambo hilo.

Nilipotoka na kikombe chake cha chai nilimkuta ameinama kwenye kibanda cha mbwa, kidole kikipita polepole kwenye pembe ya bati.

"Unanunua?" nikamtania.

"Hapana, Mwalimu. Naangalia kazi ya fundi."

Tumekubaliana kupanda mara moja ya mwisho, daktari apende asipende. Pikapu itatufikisha juu, kisha tutatembea kidogo upande wa magharibi, mpaka kwenye jiwe letu la chai.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua mchana kutwa. Nimetafuta filimbi yangu, nimeipata ndani ya soksi.

Niieleze, kwa kuwa nina nafasi. Ukingoni mwa Menengai wingu huja bila hodi. Unaona shimo lote chini yako, miamba myeusi na mvuke, kisha huoni hata kiatu chako. Watu wamewahi kuzunguka huko hadi kushikwa na njaa. Kwa hiyo mimi na Singh tuna sheria. Wingu likitufunika tukiwa mbalimbali, wa mbele anasimama na kupiga filimbi mara moja, ndefu. Wa nyuma anajibu mara mbili, fupi, kisha anaifuata sauti. Anayepiga hasogei. Anayejibu ndiye anayekuja.

Wazee wetu walikuwa na sheria nyingine. Walisema ukiitwa ndani ya wingu la Menengai usijibu, maana waliofia shimoni hutafuta wenzao. Niliwafundisha wanafunzi kwamba ile ni sauti ya mvuke unaotoka kwenye nyufa za miamba. Walicheka, wakaandika.

Jumapili, 20 Aprili

Singh hajashuka. Polisi wamekuja na kuondoka. Nimewaambia alielekea mashariki.

Jumatatu, 21 Aprili

Walinipandisha kwa Land Rover ili niwaonyeshe. Nilinyoosha kidole mashariki. Kiptum aliacha lori lake kituoni Salgaa akaja kuongoza vijana. Nilimwona akishuka kwa kamba ndani ya ukungu, akiita, "Mzee Singh! Mzee Singh!" mpaka sauti ikamkauka.

Nilibaki ndani ya gari na konstebo mmoja. Wingu lilikuwa limekaa juu ya bonde lote kama kifuniko cha sufuria. Kisha ikaja kutoka magharibi. Mara moja. Ndefu.

Konstebo akageuza kichwa. "Mzee, umesikia hiyo?"

"Ni mvuke," nikasema. "Unapita kwenye nyufa za mwamba. Mvua ikinyesha unaongezeka."

"Eeh," akasema, akatulia. "Wewe ni mwalimu, unajua."

Jumatano, 23 Aprili

Nitaandika yote leo, kwa sababu miguu imevimba na sijui nitashika kalamu mpaka lini.

Tulifika juu Jumapili asubuhi. Jua lilitoka, likajificha, likatoka tena. Ziwa lilionekana chini kama kisahani. Mbwa walitangulia, Moti akinusa kila kichaka cha leleshwa, Sirkal akimfuata kama karani. Tulipokaribia jiwe la chai Singh alisema bila kunitazama:

"Mwalimu, ile bati ya mbwa wako ilitoka wapi?"

"Kiptum alileta. Kwa nini?"

"Kwa pembe iko na rangi ya kijani. Hiyo rangi napaka mimi, kila bati, kwa stoo. Sipaki dukani. Bati ya kijani haijauzwa bado. Wewe unajua hiyo kitu."

Nilijua. Niliwahi kumsaidia kupaka, tukinywa chai na kupiga soga na Micah.

"Labda alinunua kwa mtu," nikasema.

"Labda. Basi aseme ni mtu gani. Wale watu wa kuandika taarifa za fujo za Januari wanakuja wiki ijayo. Mimi nitasema nimeona nini na nimeona wapi."

"Ni mtoto wangu, Singh."

"Na Micah alikuwa mtoto wa nani?"

Hakungoja jibu. Alipita mbele kwa hatua za hasira, Moti akamkimbilia, na hapo ndipo wingu lilipopanda kutoka shimoni. Lilikuja baridi, lina harufu ya yai bovu. Nilimwona mgongo, kisha kilemba chake cha bluu, kisha sikuona kitu.

Akapiga filimbi. Mara moja, ndefu, kama sheria yetu.

Nilitia yangu mdomoni. Hapa nataka kuandika wazi, mtu asije akaniombea kwa kosa lingine. Sikuogopa mizimu. Moyo haukunishika. Nilikuwa na pumzi ya kutosha. Niliitoa filimbi mdomoni nikaifumba mkononi. Niliwaza: bila huyu hakuna rangi ya kijani. Niliwaza hivyo, kwa maneno hayo hayo, kwa Kiswahili sanifu.

Akapiga tena. Akapiga tena. Sirkal, ambaye habweki, alianza kubweka, nami nikamshika mdomo.

Kisha filimbi ilinijia kwa karibu zaidi. Alikuwa amesogea. Hakuwahi kuivunja sheria hiyo hata siku moja, na nilielewa mara moja kwa nini ameivunja: alidhani moyo wangu umesimama, akawa anarudi kunitafuta. Aliita, "Mwalimu! Kaa hapo hapo, nakuja!"

Nikasikia mawe yakiporomoka. Moti akalia kilio kirefu. Halafu kimya.

Halafu filimbi, kutoka chini.

Wingu lilipopasuka nilishuka kwenda barabarani. Sirkal ilibidi nimvute kwa mshipi njia nzima.

Ijumaa, 25 Aprili

Moti amerudi. Hakwenda nyumbani kwao, alikuja kwangu. Mbavu zinahesabika, makucha yamelika. Akoth alimwekea ugali na maziwa, akala akitutazama. Mvua ilipoanza tulimfungulia kibanda. Sirkal aliingia. Moti alifika mlangoni, akatazama juu kwenye mabati, akarudi nyuma, akalala kwenye matope.

"Mzee, hii mbwa imekataa nyumba," Akoth akasema. "Mimi sijawahi ona."

Amelala huko nje. Mvua inampiga na hatikisiki.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Msako umesimamishwa.

Jumatano, 7 Mei

Harjit, mke wa Singh, alikuja na dengu na chapati, kama alivyofanya wiki iliyopita. Anasema nimekonda. Aliketi kwenye kiti cha mumewe bila kujua kwamba ni kiti cha mumewe.

Moti alimlamba mikono, lakini alipoitwa kwenye gari alikataa.

"Hata mbwa hataki kurudi bila yeye," Harjit akasema. Kisha: "Mwalimu bhai, ndugu yangu, sisi tukimchoma mtu ndiyo tunaanza kusoma Kitabu mpaka mwisho. Watu wa hekaluni wananiuliza, tuanze lini? Nawaambia, nianze na nini? Sina hata kiatu chake."

Nilikuwa na chapati yake mdomoni.

"Una uhakika ilikuwa mashariki?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Alinishukuru. Alinioshea kikombe.

Jumapili, 11 Mei

Asubuhi yenye ukungu. Umeshuka mlimani mpaka kwenye ua wangu, na haijawahi kuwa hivyo. Nilikuwa barazani. Filimbi, mara moja, ndefu. Haikutoka juu. Ilitoka karibu na mti wa mwisho kabla ya msitu.

Mbwa wote wawili walisimama, masikio mbele. Niliita Akoth.

"Umesikia?"

"Nisikie nini?"

"Sauti. Pale mtini."

Alinifunika blanketi magotini. "Nasikia mvua kwa hayo mabati tu, Mzee."

Mvua ilikuwa haijaanza kunyesha.

Jumanne, 13 Mei

Filimbi.

Alhamisi, 15 Mei

Filimbi. Kila mara karibu zaidi. Kisayansi sina la kusema. Kwenye ua wangu hakuna mvuke.

Jumapili, 18 Mei

Kiptum alikuja na ndizi na dawa zangu. Tangu Aprili namtazama kama mtu anayetazama chakula alichoambiwa kina sumu. Anavyonikata kucha za miguu. Anavyopuliza chai yangu. Wauaji hawapulizi chai, najiambia, kisha nakumbuka mimi pia nimepuliza chai za watu.

Mvua ilianza, mabati yakaanza. Nikamuuliza. Nilisema tu, "Kiptum, rangi ya kijani."

Hakujifanya hajui. Aliweka kisu cha kucha chini.

"Nilikuwa hapo, Baba. Watu walikuwa wanabeba. Nikabeba."

"Ulichoma?"

"Sikuchoma. Moto ulikuja baadaye, nikiwa bado nafunga mabati kwa mkokoteni. Kulikuwa na kachumba nyuma, kamefungwa na kufuli nje. Mlango ulikuwa unagongwa kutoka ndani."

"Ulisikia."

"Kila mtu alisikia. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Nikasema mtu mwingine atafungua. Nikavuta mkokoteni." Akainamisha kichwa. "Baba, hiyo mvua ikipiga hapo mimi siskii mvua."

Nilitaka kusimama nimfukuze. Nilitaka kumpiga kofi, kama nilivyowapiga watoto wa watu kwa sababu ya ramani mbaya. Lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kufumba kitu ndani ya mfuko wa koti, na kitu hicho kilikuwa filimbi.

Ndipo nilipomweleza yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Uso ulimkauka. "Kwa hivyo mimi nilikuwa namwita upande usio wake," akasema. "Siku nne, Baba. Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yangu," nikasema. "Wewe una ya kwako."

Jumatano, 21 Mei

Nimemwambia Harjit. Alikuja na sufuria yake, nikamwomba asiifungue kwanza. Nilisema yote, hata ya konstebo na mvuke. Kiptum alikuwa amesimama mlangoni, naye akasema yake: kufuli, mlango, mkokoteni.

Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Alipiga mpaka lini?"

"Jumatatu, siku ya pili, nilisikia. Baada ya hapo sijui kama nasikia au naota."

"Jumatatu," akasema. "Jumatatu jioni nilikuwa hapa kwako. Wewe ulikuwa umelala, mimi nikakupikia uji."

Kisha akachukua sufuria yake, bado ina chakula, akarudi nayo garini. Dirishani akasema, "Jumamosi mnanipeleka. Wewe pia, Mwalimu. Sitaki mtu anionyeshe kwa kidole. Utaonyesha kwa miguu."

Hakusema bhai.

Jumamosi, 24 Mei

Nimeshuka saa chache zilizopita. Akoth ananisaidia kukaa wima.

Miguu yangu haitembei. Kiptum alinibeba mgongoni, shuka limefungwa kifuani kwake, kama mama anavyobeba mtoto. Harjit alifuata na fimbo ya mumewe. Nyuma walikuja vijana wawili wa hekaluni na yule yule konstebo, ambaye hakunisalimu. Moti alitangulia. Jua, wingu, jua, wingu. Kila jua lilipofichwa mwanangu alisimama bila kuambiwa, nami nilisikia moyo wake ukipiga kwenye kifua changu, wenye nguvu, juu ya huu wangu unaokwama.

"Mimi ni mzito?" nikamuuliza.

"Umebaki makoti tu, Baba."

Karibu na jiwe la chai wingu likatufunika. Wote tulisimama. Sikuona hata nywele za Kiptum, na nilikuwa nimezishika.

Filimbi. Mara moja. Ndefu. Kutoka chini, kushoto.

Nilihisi mgongo wa mwanangu ukikakamaa. "Baba," akanong'ona, "hiyo ni nini?"

Alikuwa amesikia. Sitasema ilikuwa nini. Nilitoa filimbi yangu, nikajibu mara mbili, fupi. Pumzi iliniisha mpaka nikaona nyota. Halafu Moti akabweka mara moja chini yetu, kama mbwa anayefungua mlango wa nyumba yake, na Kiptum akaanza kuteremka akiifuata sauti, mguu kwa mguu, bila kuona.

Alikuwa ameegemea mwamba, chini ya leleshwa, mahali ambapo mvua haifiki vizuri. Nilimtambua kwa bangili ya chuma mkononi. Alikuwa amefungua kilemba chake, kitambaa chote kile kirefu cha bluu, akafungia vipande viwili vya mti kwenye mguu. Kazi safi, mafundo ya mtu wa duka. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu aliyekufa Jumapili. Pembeni, majani yamelazwa na kiwiliwili cha mbwa. Filimbi ilikuwa kwenye uzi shingoni, na tundu lake limejaa utandu wa buibui. Ilikuwa haijapigwa siku nyingi.

Harjit alipiga magoti. Alisema naye Kipunjabi, kwa sauti ya mtu anayegombeza mume aliyechelewa kurudi. Kisha akatusemesha sisi, bila kugeuka.

"Mwekeni chini Mwalimu. Akae naye. Sisi tutapanga machela."

Wakaniweka. Niliketi bega kwa bega na rafiki yangu mpaka wingu likaondoka.

Jumapili, 1 Juni

Wamemchoma Jumatano. Sikualikwa, wala sikutegemea. Kitabu kimeanza kusomwa.

Jana Kiptum aliyang'oa mabati, moja moja, akayapanga na pembe za kijani zikitazama juu. Alikwenda nayo kwanza Kaptembwo kwa Chepkurui, mjane wa Micah, kumwambia kwa kinywa chake. Sijui alijibiwa nini. Alipopita hapa kuniaga shavu moja lilikuwa limevimba, na alilishika kama mtu aliyepewa kitu. Harjit alimngoja kituo cha polisi ili ayatambue mabati ya mumewe. Kiptum hajarudi, na nilijua hatarudi.

Alipokuwa anatoka nilimtemea mate mkononi, baraka ya wazee wetu, ambayo nilimnyima alipooa kwa kuwa niliiona ya kishenzi.

Jumatano, 4 Juni

Mvua usiku kucha na hakuna kelele. Moti ameingia kibandani. Kina majani ya mgomba tu, kinavuja, lakini ameingia. Amelala na kichwa juu ya mgongo wa Sirkal.

Jumapili, 8 Juni

Ukungu. Upepo hafifu kutoka mlimani. Akoth ameniweka barazani, akanifunga blanketi, akaenda kanisani akisema nisiende popote. Nikamwambia, niende wapi?

Mbwa wamesimama.

Mara moja, ndefu. Hapo langoni.

Sasa sina hasira wala hofu, ila pumzi ni kidogo na nataka itoshe. Akoth, ukirudi, mbwa wote wawili wapelekwe kwa Mama Harjit, atawakubali. Nimeiweka filimbi mdomoni kabla ya kuandika mstari huu. Mara mbili, fupi.

Anayejibu ndiye anayekuja.